Sura ya Sita: Utepe wa Namba 71

Kitambaa chekundu kilikuwa mezani kwa Inspekta Peng Hsiu-lan, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba ya jalada. Urefu wake shibiri moja na ushee, upana wake vidole viwili. Alhamisi jioni, wauguzi wa gari la wagonjwa walilazimika kukunjua vidole vya Mzee Tuan Chao-ting kimoja kimoja ili kukitoa.

"Na huu ndio mtandio," alisema Sajini Tai, akaweka mfuko wa pili kando ya ule wa kwanza. "Tumeukuta umeanikwa dirishani kwa yule mhudumu wa mzee. Mwekundu kwa mwekundu. Mwendesha mashtaka akiviona hivi viwili hatauliza cha tatu."

"Anataka jalada lini?"

"Saa kumi jioni leo. Hapo saa ishirini na nne za kumshikilia zinakwisha. Tumshtaki au tumwachie."

Peng alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi.

Aliutoa mtandio mfukoni, akautandaza. Alipitisha kidole kwenye pindo la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Nionyeshe palipochanika."

Tai aliinama. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miwili tu kabla ya kustaafu, na alikuwa na desturi ya kutafuna pipi ya mnanaa tangu mkewe alipompiga marufuku tambuu. Pipi iliacha kugonga meno.

"Haukuchanika," alikiri. "Labda anao mwingine."

"Labda. Sasa tazama hiki. Mwisho wake una tundu, na tundu lina pete ya chuma. Umewahi kuona mtandio wenye pete ya chuma?"

"Afande, nguo anazonunua mke wangu zingekushangaza."

Mlango uligongwa, akaingia Tuan Wei-kang, mtoto pekee wa marehemu, amefika kutoka Taipei na suti iliyokunjamana. Kwenye mkono wa koti alikuwa amebandika kiraka kidogo cha katani, alama ya msiba.

"Bado anahojiwa?" aliuliza kabla hajaketi. "Baba amekufa ameshika nguo ya mwanamke huyo mkononi. Mnataka nini zaidi?"

"Pole kwa msiba, Bwana Tuan. Daktari anasema moyo ndio uliosimama. Ana jeraha la bega alipoanguka, basi. Na anasema mzee alilala pale chini akiwa hai dakika ishirini, pengine zaidi."

"Dakika ishirini! Na Wartini, mhudumu wake, alikuwa wapi?"

"Anasema alishuka kutupa taka."

"Kutupa taka dakika thelathini na tano? Walipiga soga huko chini, lori la taka likipiga muziki wake wa kuita watu, wale wahudumu wote hukutana hapo kama sokoni. Au hakushuka kabisa. Walibishana, akamsukuma, baba akamshika mtandio ukachanika... sijui. Ninachojua ni kwamba nilimwamini. Nilimwambia anitumie picha ya baba kila siku saa sita mchana, nione kama amekula. Nilikuwa namlinda hata nikiwa mbali."

"Kuna kilichopotea ndani ya nyumba?"

"Hakuna. Hata vile vidude vyake, ndege za chuma, nimezihesabu mwenyewe. Arobaini na tatu. Zote zipo."

Peng aliandika: *arobaini na tatu, zote zipo*. Kisha akafunga daftari, akamwambia Tai amtoe Wartini mahabusu.

"Tunampeleka wapi?"

"Nyumbani. Atutembeze toka muziki wa lori uliposikika hadi alipomkuta mzee. Wewe chukua sanduku la unga wa alama za vidole. Na Bwana Tuan utufuate. Nadhani hujachagua nguo za kumvisha baba yako."

---

Upepo wa Hsinchu ulikuwa ukipiga mabati ya madirisha kama mtu anayedai kufunguliwa. Ghorofa lilikuwa miongoni mwa yale waliyojengewa askari wastaafu baada ya vijumba vyao vya zamani kubomolewa: orofa nne, bila lifti. Wartini alipanda mbele, mikono mbele kwenye pingu iliyofunikwa kwa taulo. Mwanamke wa miaka thelathini na sita kutoka Indramayu, amemhudumia Mzee Tuan miaka sita. Akishtakiwa, kibali chake cha kazi kingefutwa siku hiyo hiyo, hata kama mahakama ingekuja kumwona hana hatia baadaye. Nyumbani alikuwa na watoto wawili wanaosoma kwa jasho lake.

Peng alimfungua pingu mlangoni.

"Anza pale muziki uliposikika."

"Saa kumi na mbili na nusu, Afande. Babu alikuwa amekaa hapa, kwenye kiti chake. Nikamwambia, 'Babu, nashuka.' Akasema, 'Nenda, usije ukaolewa huko chini.' Kila siku anasema hivyo." Alionyesha mlango. "Nikabeba mifuko miwili. Tulisikia muziki lakini lori halikuja. Lilikuwa limekwama kona ya soko, gari la mboga lilikuwa limeziba njia. Tukangoja. Mfuko huruhusiwi kuuacha chini. Ukiuacha ni faini, na jina la bosi linaandikwa. Nilirudi saa moja na dakika tano."

"Mlango?"

"Umefungwa, lakini si kwa ufunguo. Nikaita. Kimya. Nikamkuta humu."

Alielekeza chumba cha ndani. Peng akamwashia taa, akampisha apite kwanza.

Ukuta mzima ulikuwa kabati la vioo. Ndani yake, rafu kwa rafu, zilikuwa zimeegeshwa ndege za kivita za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kila moja ndogo mara sabini na mbili kuliko ile halisi. Zilikuwa zimesimama kwa magurudumu, hakuna hata moja iliyowekwa kwenye kishikizo ionekane inaruka. Kila moja ilikuwa na tepe tatu nyekundu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea godoro: mmoja puani, mmoja kwenye kila mguu wa nyuma.

Wartini alisimama mahali alipomkuta mzee. Alitazama sakafu. Kisha akainua uso, macho yakapita rafu ya kwanza, ya pili, yakagota rafu ya katikati. Mkono ukaenda mdomoni.

"Nani amemfunga Luteni?"

"Luteni gani?" aliuliza Tai.

"Huyu! Sabini na moja!" Alikuwa amesahau kwamba ni mshukiwa, alikuwa amekaribia kioo na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba. "Nani amemfunga? Babu hajawahi kumfunga! Alhamisi Babu alikuwa amelala hapa chini, mimi nikawa natazama chini tu, sikuona."

Tai alimtupia Peng jicho. Peng alivuta kiti kilichokuwa mle ndani, akaketi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua ndege wala Luteni."

Wartini aliligeukia kabati.

"Babu alikuwa fundi mkuu wa ndege kambini. Ndege ikiwa chini ina pini tatu, kuzuia vitu visijifungue vyenyewe. Kila pini ina utepe mwekundu ili isisahaulike. Ndege ikitaka kuruka, fundi anazichomoa zote tatu, anasimama mbele, anaziinua juu hivi." Alinyoosha mkono juu ya kichwa, ngumi imefumba. "Rubani anazihesabu kutoka kwenye kiti chake. Moja, mbili, tatu. Anampigia fundi saluti, anaondoka. Fundi anakaa nazo mfukoni. Ndege ikirudi, anazichomeka tena. Babu alisema, mpaka irudi, ndege ni deni la fundi, si la rubani."

"Na sabini na moja?"

"Haikurudi. Luteni Shih aliingia baharini nayo, miaka arobaini na sita iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wakubwa walikuja kuchukua tepe kwa uchunguzi. Babu akatoa mbili, wa tatu akasema umepotea. Haukupotea. Unakaa mfuko huu." Aligusa kifua chake upande wa kushoto. "Kila shati. Nikifua shati, kwanza natoa utepe."

Peng alitoa mfuko wa plastiki kwenye mkoba wake, akauinua.

"Huu?"

Wartini aliutambua na machozi yakamtoka palepale, bila sauti.

"Kwa hiyo ndege zake zote zina tepe," alisema Peng polepole, "kwa sababu zimerudi. Hii moja haikuwa nazo."

"Kila asubuhi anaifuta vumbi, anaiambia, 'Bado nipo.' Basi. Hafungi."

"Hadithi nzuri," alisema Tai. "Lakini ni yeye anayeisimulia, Afande. Kesho wakili wake ataisimulia vizuri zaidi. Na nani atasema si yeye mwenyewe aliyezifunga?"

"Tazama vile vifundo, Kaka Tai. Mtu mwenye haraka, na maiti miguuni, angevifunga? Lakini sawa, tusiamini mtu. Wartini, mzee alizishika kwa glavu?"

"Hapana! Bwana Ou, mkusanyaji mwenzake wa ndege hizi, alimletea glavu nyeupe za pamba, akazifanya za kuepulia sufuria. Alisema fundi hampi mkono rafiki yake kwa glavu."

"Fungua sanduku lako," Peng alimwambia Tai.

Walizitoa ndege kumi, moja moja, na kuzipaka unga mweusi matumboni. Tisa zilikuwa na dole gumba la mzee, jipya juu ya la zamani, kama pete za ndani ya gogo. Ya kumi ilikuwa namba 71. Tai alipaka unga, akapuliza, akapaka tena, akaisogeza kwenye taa.

"Hakuna kitu," alisema. "Hata doa. Safi kama sahani ya maharusi."

"Ndege anayoishika kila asubuhi."

Pipi ya Tai ilikuwa imekwisha na hakutafuta nyingine. Peng aliichukua ndege kwa ncha za vidole vyenye glavu, akaigeuza. Tumboni, katikati ya magurudumu, chuma kilikuwa kimechorwa muhuri wa kiwanda na namba ya toleo.

"Hizi nyingine zina muhuri huu?"

Tai alizitazama. "Zote tisa."

"Wartini, ile ya Luteni ilikuwa na muhuri?"

"Sijui, Afande. Mimi sikuigeuza. Nilikuwa nafuta kioo tu, ndege alifuta mwenyewe. Lakini kuna gazeti. Bwana Ou aliandika habari zake, Babu akalihifadhi."

Alilitoa kwenye droo ya chini ya kabati. Halikuwa gazeti hasa, lilikuwa jarida la kurasa nane la chama cha wakusanyaji wa ndege za kalibu wa mji huo, toleo la baada ya Mwaka Mpya. Makala ya kurasa mbili, picha tano, na jina la mwandishi chini: Ou Chin-yuan, mwenyekiti. Peng alisoma akiwa amesimama. Kiwanda kilimwomba Mzee Tuan ushauri kilipokuwa kikitengeneza ndege hiyo. Kilitoa sampuli moja yenye namba 71. Mama yake Luteni Shih, aliyekuwa hai wakati ule, alikataa namba ya mwanawe iuzwe madukani, na kiwanda kikaheshimu, kikabadili namba. Sampuli ikabaki kwa mzee. *Ndiyo pekee duniani,* Ou alikuwa ameandika, *na itambulike kwa jambo moja: tumbo lake ni laini, kwa kuwa ilimiminwa kabla muhuri haujachongwa kwenye kalibu.* Na mwisho: *Kasoro yake ni ndogo. Mzee amesahau kuifunga tepe.*

Peng alimpa Tai asome. Kisha akaingia chumba cha kulala, ambako Tuan Wei-kang alikuwa amekaa kitandani na mashati matatu mapajani, bila kuchagua.

"Bwana Tuan, ile picha ya saa sita mchana. Nionyeshe ya Alhamisi."

Alitoa simu. Kidole chake kilisita. Kwenye kioo zilijipanga picha kutoka kwa Wartini, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na kila moja ilikuwa na alama ndogo ya kitu ambacho hakijafunguliwa.

"Kazi zilikuwa nyingi," alisema.

"Ya Alhamisi tu."

Aliifungua. Mzee Tuan alikuwa amekaa na bakuli la tambi za mchele, amebakisha kidogo, dole gumba juu. Nyuma yake kabati. Peng aliivuta picha ikue. Rafu ya katikati, namba 71, magurudumu chini, kifuniko cha rubani wazi. Puani, hakuna utepe. Miguuni, hakuna utepe.

"Saa sita mchana haikuwa nazo," alisema. "Kwenye picha zetu za usiku ule inazo. Kati ya hapo mtu ameondoka na ndege moja na kuacha nyingine. Umehesabu vizuri, Bwana Tuan. Arobaini na tatu kweli."

"Wartini angeweza..."

"Wartini ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba hii haifungwi. Angeweka bandia, angeiacha bila tepe, na mimi nisingejua hadi leo. Aliyefanya hivi anajua ndege, lakini hakumjua baba yako." Alimrudishia simu. "Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Taipei. Mkutanoni. Watu tisa waliniona." Aliitazama tena picha, akaigusa, uso wa mzee ukakua. "Mimi pia sikujua. Habari za utepe. Hakuniambia."



---

Ou Chin-yuan alikuwa daktari wa meno mstaafu. Chumba cha chini ambacho zamani kilikuwa zahanati yake sasa kilikuwa na makabati sita ya vioo yenye taa ndani, na katikati bado kilisimama kile kiti kirefu cha wagonjwa. Ilikuwa saa saba na nusu. Alivaa glavu nyeupe za pamba alipowafungulia.

"Karibu, Inspekta. Nimesikia habari za Mzee Tuan. Pigo kubwa. Chai?"

"Asante, tumekunywa. Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Mwaka Mpya. Nilipokwenda kupiga picha za jarida. Tangu hapo, simu tu."

"Tunahitaji mtaalamu," alisema Peng. "Mtoto wake anataka kuorodhesha urithi. Sisi polisi hatujui kutofautisha ndege na jongoo."

Ou alitabasamu kwa huzuni iliyopangwa vizuri, akatandika kitambaa laini mezani. Peng akatoa sanduku la kwanza, akampa namba 12. Ou aliipokea kwa mikono miwili, na kabla hata hajaitazama puani aliigeuza tumbo juu.

"Toleo la tatu," alisema. "Safi. Ameipata kwa bahati, zilitoka chache."

Peng akampa namba 30. Ou akaigeuza tumbo juu.

"Toleo la kwanza. Ina mkwaruzo mdogo hapa. Mzee alikuwa na mikono mizito, Mungu amrehemu."

"Mnaanza na tumbo siku zote?"

"Mkusanyaji asiyeanza na tumbo ni mnunuzi wa vinyago, Inspekta. Mgongo unaweza kupakwa rangi. Tumbo halidanganyi."

Peng akafungua sanduku la tatu. Njiani alikuwa amezikata tepe tatu kwa mkasi wa kucha na kuzihifadhi. Akaiweka namba 71 kwenye viganja vya Ou.

Ou aliitazama puani. Akatazama mabawa, mafupi kama visu vya jikoni. Akatazama mkia. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa, vidole vya mtu aliyeng'oa magego miaka thelathini. Aliirudisha mezani, magurudumu chini.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Sampuli. Iliyo pekee. Itunzeni sana."

Tai alikohoa. Peng hakumtazama.

"Una hakika?"

"Nimeiandikia makala. Lakini tepe zake ziko wapi? Tafadhali msiniambie mmezipoteza."

"Tepe zipi?"

"Tatu. Mmoja puani na..."

"Kwenye makala yako umeandika mzee amesahau kuifunga. Picha yako ya Mwaka Mpya haina tepe. Picha ya Alhamisi saa sita mchana haina tepe. Na hujafika kule tangu Mwaka Mpya. Nani alikwambia ina tepe?"

Upepo ulitikisa mlango wa zahanati. Ou alivua glavu zote mbili, akazikunja, akaziweka moja juu ya nyingine.

"Nilidhani alisahihisha. Ni kawaida. Ndege iliyoegeshwa huwekwa tepe."

"Igeuze, Daktari."

Hakuigeuza.

"Mbili za kwanza umezigeuza kabla hujavuta pumzi. Hii, ambayo umeandika kurasa mbili kuhusu tumbo lake, hutaki kulitazama. Kwa nini? Kwa sababu unajua nini kimechorwa pale."

Kisha Ou akainuka, akaenda kwenye kabati la chuma la vifaa vyake vya zamani, akafungua droo ya koleo za kung'olea meno. Chini ya koleo kulikuwa na kitambaa cha hariri, na ndani ya kitambaa, ndege. Aliiweka mezani mbali na ile nyingine. Tai aliigeuza kwa kalamu. Tumbo lilikuwa laini, na dole gumba la mzee lilionekana hata bila unga.

"Nilimwomba miaka minne," Ou alisema. "Si kwa kuiuza. Alikuwa akiishika kwa mikono yenye mafuta ya tambi. Rangi ilikuwa inaliwa mbele ya macho yangu. Nikajiambia, nitampa iliyo kama hiyo, macho yake mabovu, hatajua, na hii itapona. Nilichora ile namba wiki tatu."

"Na tepe?"

"Zile nyingine zote zilikuwa nazo. Na mkono wangu..." Alivitazama vidole vyake. "Nilishindwa kuiacha na kasoro. Ningewezaje kuiweka pale na kasoro?"

"Alhamisi. Uliingia lini?"

"Muziki wa taka ulipolia. Nilimwona yule dada akishuka na mifuko. Mzee alinifungulia mwenyewe, akafurahi. Nikamwomba anionyeshe picha za zamani, akaenda chumbani kuzitafuta. Nikabadilisha. Akarudi mapema kuliko nilivyofikiri. Alisimama mlangoni. Macho mabovu, kweli, lakini wekundu aliuona. Hakunipigia kelele. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa utepe, akauinua juu, hivi, akawa ameusimamisha. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama ndege. Halafu akaanguka."

"Alikuwa anapumua?"

Ou aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, pembeni kabisa, kama mtu aliyeitwa zamu yake.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Nilidhani mhudumu atarudi sasa hivi. Lori la taka halichelewi, Inspekta. Mji mzima unaweka saa zake kwa lile lori."

"Alhamisi lilichelewa."

"Sikujua."

"Simu ilikuwa hatua tatu kutoka uliposimama."

Tai alimsomea haki zake kwa sauti ya chini, kama anayesoma mbele ya jeneza, akamfunga pingu mikono ile iliyotulia.

---

Saa tisa na dakika arobaini Peng alisaini karatasi ya kumwachia Wartini, akaipeleka mwenyewe hadi mapokezi. Wartini alirudishiwa simu, mkanda, na mtandio wake mwekundu wenye pindo nne. Hakuuvaa. Aliukunja.

Tuan Wei-kang alikuwa amesimama karibu na mlango. Walikutana macho, na yeye ndiye aliyeinamisha kichwa, chini sana, hadi kiraka cha katani kikaning'inia.

"Nilikutuhumu mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu naomba radhi."

"Umekula, Kaka Mkubwa?" Wartini aliuliza. "Babu angeuliza hivyo."

Ofisini, Tai alikuwa akipanga vielelezo. Alichukua ndege yenye tumbo laini, akachukua na ule utepe wa shibiri moja, akafungua mfuko mmoja kwa vyote viwili.

"Mifuko tofauti," alisema Peng.

"Ni vya jambo moja, Afande."

"Tofauti, Kaka Tai."

Alichukua mkasi, akakata kipande cha utepe, kidogo kama ukucha, kwenye ncha iliyochakaa, akakifunga kama sampuli, akaandika na kusaini. Ripoti ya daktari aliyepima maiti na picha zingetosha mahakamani. Sehemu iliyobaki, yenye pete ya chuma, aliitia kwenye bahasha na kuandika: *Irudishwe kwa familia.* Akatoka nayo hadi kwa Tuan Wei-kang.

"Mwili wa baba yako unachomwa lini?"

"Jumatano."

"Huu ulikuwa mkononi mwake."

Tuan Wei-kang aliifungua bahasha. Aliutazama utepe, akaupitisha kati ya vidole vyake, akaugeuza upande mmoja na upande mwingine kama anayetafuta mwanzo wake. Kisha akamkabidhi Wartini kwa mikono miwili.

"Umwekee wewe mkononi," alisema. "Mimi sijui alikuwa anaushika vipi."

Wartini alifumba ngumi juu ya utepe, pete ya chuma ikabaki nje, kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

"Hivi," alisema. "Ili rubani aweze kuhesabu."